Je, Vikundi vya Faraja Vinasaidia? Sababu ya Kupiga Kura Kati ya Sharika



Tangu tulipotangaza kwamba vikundi vya faraja kwa walezi wa watoto yatima vitaanza katika sharika 6 tu kati ya 12 zilizoomba, na kwamba sharika hizo 6 zitapatikana kwa kura, ofisi ya miradi imepokea maswali mengi kutoka Iringa na Mbeya. Wanakamati wanauliza kwa nini uhitaji usiwe ndio kigezo. Mzee mmoja wa usharika alituuliza mbele ya kamati yake kama tunataka kuwageuza bibi zetu wanaolea wajukuu kuwa panya wa maabara. Wafadhili nao wanauliza jambo la upande wa pili: kwa nini fedha zitawanywe katika sharika nyingi zenye vikundi vidogo, badala ya kuwekwa katika sharika chache zikafanya kazi kubwa?

Haya ni maswali ya haki, na majibu yake yamo katika somo ambalo wengi wetu tuliliacha darasani kwa furaha, yaani takwimu. Tutajaribu kulieleza bila kanuni ngumu. Anayeweza kuhesabu sadaka ya Jumapili anaweza kufuata maelezo haya hadi mwisho.

Tatizo la "kabla na baada"

Kwa miaka mingi taarifa za miradi zimeandikwa kwa mtindo mmoja. Tunawahoji walengwa kabla ya mradi, tunawahoji tena baada ya mradi, tunatoa, na tofauti inayopatikana tunaiita mafanikio. Kwa mambo ya moyo na akili, mtindo huu una udhaifu mkubwa.

Chukua kalenda ya Nyanda za Juu Kusini. Mradi wa mwaka kwa kawaida huanza Januari au Februari, baada ya fedha kupokelewa. Huo ni wakati wa mvua, ghala limeanza kuwa tupu, ada ya shule imeisha kulipwa kwa taabu na mahindi bado yako shambani. Tathmini hufanyika Julai au Agosti, baada ya mavuno. Mlezi aliyesema mwezi Februari kwamba halali usingizi kwa mawazo, mwezi Julai atasema analala vizuri zaidi, hata kama hakuna aliyemtembelea. Tukiwa na mradi, sifa tunajitwalia sisi. Kwa kweli sifa ni ya mahindi.

Kuna sababu nyingine isiyoonekana kirahisi. Watu wanaochaguliwa kuingia kikundi cha faraja huchaguliwa siku wanapokuwa na hali mbaya kuliko kawaida yao. Huzuni hupanda na kushuka kama maji ya mto. Ukimpima mtu mto ukiwa umefurika, mara nyingi kipimo cha pili kitakuwa chini, hata usipofanya lolote.

Hili si jambo la kufikirika. Mwaka 2002 ulifanyika utafiti katika vijiji 30 vya wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, eneo ambalo UKIMWI ulikuwa umeacha majonzi mengi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2003. Watafiti wa Marekani wakishirikiana na World Vision waliwafundisha watu wa kawaida wa eneo hilo, wasio waganga wala wauguzi, kuongoza vikundi vya mazungumzo kwa watu wenye sonona. Sonona ni ile huzuni nzito isiyoondoka, ambayo huku kwetu watu husema tu kwamba fulani "ana mawazo". Vikundi vilikutana mara moja kwa wiki kwa dakika 90, kwa wiki 16. Kura iliamua ni vijiji vipi vipate vikundi na vipi visipate.

Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya washiriki wa vijiji vyenye vikundi walikuwa na dalili zilizotosha kuitwa sonona. Baada ya wiki 16 walibaki asilimia 6.5. Taarifa ya kawaida ya mradi ingeishia hapo kwa shangwe. Lakini tuangalie vijiji ambavyo havikupata vikundi. Huko walianza asilimia 94, na mwisho wakawa asilimia 54.7. Bila vikundi vyovyote, karibu watu 4 katika kila 10 hawakuwa tena katika hesabu ya wenye sonona. Kwa hiyo sehemu ya nafuu iliyoonekana katika vijiji vyenye vikundi ingekuja hata hivyo. Kazi ya vikundi inaonekana katika tofauti kati ya 6.5 na 54.7, na bado ni tofauti kubwa sana. Hatungeijua kama vijiji vya ulinganisho visingekuwapo.

Vikombe vya chai

Sasa tuje kwenye kura yenyewe na idadi ya sharika. Wasomaji wa Tukuyu na Mufindi, mnaoishi kati ya mashamba ya chai, mtavumilia mfano wa chai kutoka mbali kidogo.

Mtaalamu wa takwimu Ronald Fisher alifanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted huko Uingereza. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1935 alieleza habari ya bibi aliyedai kwamba akionja chai ya maziwa anaweza kujua kama kilichotangulia kikombeni ni chai au maziwa. (Kwetu maziwa huchemka pamoja na majani katika sufuria moja, hivyo ubishi huu usingezuka.) Utajuaje kama bibi huyu anajua kweli au anabahatisha? Fisher alipendekeza vikombe 8. Vinne vimetanguliwa na maziwa, vinne vimetanguliwa na chai, na vinapangwa ovyo bila yeye kuona. Kazi yake ni kuvitaja vile vinne vilivyotanguliwa na maziwa.

Hapa ndipo hesabu inapoingia. Kuna njia 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8. Mtu asiyejua lolote, akichagua tu, atapata vyote vinne sawa kwa njia moja katika 70, yaani kama asilimia 1.4. Akipata vyote, tuna haki ya kusema kwamba ni vigumu kuamini amebahatisha. Lakini je, akipata vitatu na kukosa kimoja? Zipo njia 16 za kupata vitatu. Ukiongeza ile moja ya kupata vyote, zinakuwa njia 17 katika 70, karibu moja katika nne. Hata mtu asiyejua chai atafanikiwa hivyo mara kwa mara. Vitatu katika vinne vinasikika vizuri masikioni, lakini havithibitishi kitu.

Utaratibu huu ndio watafiti wa saikolojia wanaoutumia hadi leo. Kwanza huweka dai la ukaidi: "hakuna kitu hapa, tofauti yote ni bahati." Wanachuo huliita nadharia tete ya kutokuwapo tofauti. Kisha huuliza: kama dai hilo lingekuwa kweli, matokeo kama haya tuliyoyapata yangetokea mara ngapi? Yakiwa ni nadra sana, dai la ukaidi linakataliwa. Mpaka uliozoeleka ni asilimia 5, yaani mara moja katika 20. Mpaka huo ni mazoea ya wataalamu tu, wala si sheria ya asili. Kwetu sisi unafaa, mradi tuutangaze kabla ya kuona majibu.

Badala ya vikombe, weka sharika. Pendekezo la awali la baadhi ya wafadhili lilikuwa sharika 8, ambapo 4 zinaanza na 4 zinasubiri. Mwishoni tungezipanga zote 8 kwa kuangalia ni wapi walezi walipata nafuu zaidi. Kama sharika zote 4 zilizoanza zingeshika nafasi nne za juu, tungesema kwa ujasiri kwamba vikundi vinasaidia, maana kwa bahati tu hilo hutokea mara moja katika 70. Lakini usharika mmoja tu ukiteleza, tunarudi kwenye ile 17 katika 70 na hatuna la kusema. Nani kati yetu aliyewahi kuona mradi ambao hakuna usharika hata mmoja ulioteleza? Mwalimu wa kikundi anaugua, mvua inakata barabara ya Makete, mchungaji anahamishwa katikati ya mwaka.

Tukiwa na sharika 12, yaani 6 kwa 6, njia za kupiga kura zinakuwa 924. Sharika zote 6 zilizoanza kushika nafasi sita za juu kwa bahati ni njia 1 tu. Sita zikiwa na mteleza mmoja, yaani 5 juu na 1 chini, ni njia 36. Jumla 37 katika 924, ambayo ni asilimia 4, chini ya mpaka wetu. Hii ndiyo sababu tuliwaomba wafadhili wakubali sharika 12. Zile 4 za nyongeza zinatununulia nafasi ya kosa moja, jambo ambalo kwa hali ya miradi yetu ni lazima.

Tumeulizwa pia kwa nini tusihesabu watu, maana walezi ni wengi kuliko sharika na namba ingekuwa kubwa. Jibu ni kwamba walezi wa usharika mmoja hawako kila mmoja peke yake. Wanasikiliza mahubiri yale yale, wanauza viazi katika soko lile lile, na mwalimu wa kikundi chao ni yule yule. Kura imepigwa kwa usharika, hivyo hesabu ya mwisho nayo ifuate sharika. Kuhesabu watu mmoja mmoja kungetupa uhakika ambao hatunao.

Jambo moja tunaomba lisomwe mara mbili, kwa kuwa hata wasomi hulikosea. Asilimia 4 hapo juu haina maana kwamba "kuna uwezekano wa asilimia 96 kuwa vikundi vinafanya kazi." Maana yake ni hii tu: kama vikundi visingekuwa na faida yoyote, matokeo mazuri kiasi hiki yangetokea kwa kura peke yake mara 4 katika 100. Na tukishindwa kuvuka mpaka, hatutakuwa tumethibitisha kwamba vikundi havifai. Pengine vinafaa kidogo, na sharika 12 hazitoshi kukionyesha hicho kidogo.

Mfano wa pili ni wa hapa nchini. Utafiti uliofanywa Moshi na Bungoma, Kenya, ukachapishwa mwaka 2020, uliwahusu watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, wenye miaka 7 hadi 13. Washauri wasio wataalamu, waliofundishwa, waliwapa nusu yao tiba ya mazungumzo, na wengine wakapata huduma za kawaida za eneo hilo. Mara baada ya tiba, tofauti ilionekana katika maeneo matatu kati ya manne. Mwaka mmoja baadaye, kwa upande wa Kenya tofauti ilikuwa bado ipo, lakini Tanzania makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu ya kulingana. Mtu wa haraka atasema tiba ilishindwa Moshi. Namba hazisemi hivyo. Watoto wa Moshi walipona, ila wale ambao hawakupewa tiba nao waliwafikia. Ni swali zuri kuuliza ni nini kiliwabeba, na kwa maoni yetu jamaa na majirani wasisahauliwe katika jibu.

Huzuni inapimwaje?

Kilo hupimwa kwa mizani. Huzuni hupimwa kwa maswali, na maswali yanaweza kudanganya. Tutatumia dodoso la maswali 9 ambalo hutumika duniani kote na limekwisha kufanyiwa kazi kwa Kiswahili. Mtu huulizwa ni mara ngapi katika wiki mbili zilizopita amesumbuliwa na mambo kama kukosa usingizi, kukosa hamu ya kula au kukosa raha ya mambo aliyokuwa akiyapenda. Kila jibu lina alama 0 hadi 3, hivyo jumla ni 0 hadi 27, na kwa kawaida kuanzia 10 kwenda juu huchukuliwa kuwa ni dalili ya kuangaliwa zaidi.

Kwa kila usharika tutatoa wastani wa nafuu, lakini tutaandika pia namba ya katikati, yaani ya yule anayesimama katikati watu wakipangwa mstari kuanzia mdogo hadi mkubwa. Wajumbe wa Mufindi wanaelewa sababu. Kijiji chenye kaya 20 ambamo mmoja ameuza shamba la miti mwaka huo kitakuwa na wastani wa kipato unaopendeza, huku kaya 19 zikiwa pale pale. Kwa alama za huzuni ni hivyo hivyo: walezi wawili waliopona kabisa wanaweza kuupandisha wastani wa kikundi ambacho wengine wote hawajasogea.

Zaidi ya hayo, anayeuliza maswali asiwe mwalimu wa kikundi. Tunalisisitiza hili kwa sababu ya jambo lililojulikana Mwanza. Mradi wa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa huko kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 katika jamii 20, kwa kura, ukafuatilia vijana zaidi ya 9,000 hadi mwaka 2002. Vijana waliopata mafundisho walijibu maswali vizuri zaidi, walieleza mitazamo bora, na hasa wavulana walisema wamebadilisha mwenendo. Vipimo vya damu na mkojo havikufuata maneno hayo. Maambukizi mapya ya VVU kwa wasichana yalikadiriwa kuwa pungufu kwa robo katika jamii zenye mradi, lakini ukingo wa uhakika wa kadirio hilo ulianzia punguzo la karibu theluthi mbili hadi ongezeko la theluthi mbili. Kwa ukingo mpana kiasi hicho hakuna anayeweza kusema kama mradi ulizuia maambukizi. Vijana wale si lazima walikuwa waongo. Aliyefundishwa jibu zuri hulitoa, hasa akiulizwa na aliyemfundisha. Bibi aliyepewa chai na sukari na mwalimu wa kikundi naye atamwambia mwalimu huyo kwamba hajambo, ndivyo adabu ilivyo.

Namba za mkoa

Kwa kuwa wafadhili wetu hutumia namba za kitaifa katika kuamua, tuongeze onyo moja la nyumbani. Utafiti wa kitaifa wa 2007–08 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Iringa asilimia 15.7 ya watu wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na VVU. Ule wa 2011–12 ulionyesha asilimia 9.1. Tumekuta maandiko ya miradi yanayoshangilia punguzo hilo. Lakini katikati hapo Njombe ilitengwa kuwa mkoa wake, na katika utafiti huo wa 2011–12 Njombe peke yake ilikuwa asilimia 14.8. Sehemu ya "punguzo" la Iringa ilivuka mpaka tu. Mbeya nayo iligawanywa mwaka 2016 ulipoanzishwa Mkoa wa Songwe, kwa hiyo kabla ya kulinganisha namba za mikoa hii, angalia kwanza ramani ya mwaka husika. Iringa ilipotangazwa kuwa na asilimia 11.3 katika utafiti wa 2016–17, hesabu hiyo ilikuwa ya watu wa miaka 15 na kuendelea, wakiwamo wazee, na wakati huo dawa zilikuwa zinawawezesha wengi kuishi. Mtu anayeishi anahesabiwa, na tunamshukuru Mungu kwamba anahesabiwa.

Kuhusu kusubiri

Turudi kwa mzee wetu na panya wake. Fedha zilizopo mwaka huu zinatosha sharika 6. Hata bila utafiti wowote, sharika 6 zingesubiri, na uamuzi wa nani asubiri ungefanywa ofisini. Sote tunajua ni sharika zipi hupendelewa hapo: zile zilizo karibu na lami na zile zenye wajumbe wenye sauti. Kura haijui lami wala sauti, na Kanisa halikuanza jana kupiga kura. Mathiya alipatikana kwa njia hiyo. Sharika zinazosubiri zitaanza mwaka unaofuata, na fedha zake zimetengwa katika bajeti ya miaka miwili iliyokubaliwa na wafadhili. Kama matokeo yataonyesha kasoro katika mafundisho, wao watapata yaliyorekebishwa.

Kuna kitu kimoja ambacho hakitasubiri kura. Swali la tisa la dodoso linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Mlezi yeyote atakayejibu kwamba amekuwa na mawazo hayo, awe katika usharika ulioanza au unaosubiri, atapelekwa kwa mganga wa kituo cha afya siku hiyo hiyo, na nauli italipwa na mradi. Alama zake zitabaki katika hesabu ya usharika wake. Wahojaji wamekwisha kuelekezwa hivyo, na makatibu wa sharika wanaombwa kutozuia safari hiyo kwa kusubiri kibali cha kamati.

Kura itapigwa mbele ya wajumbe wawili kutoka kila usharika, kwa karatasi 12 katika kikapu cha sadaka, na atakayezichota ni mtoto wa shule ya Jumapili. Hojaji ya kwanza itafanyika katika sharika zote 12 kabla ya siku hiyo ili hakuna anayejibu akijua yuko upande gani. Ya pili itafanyika katika sharika zote ndani ya wiki mbili zile zile, baada ya vikundi kumaliza mikutano 16. Kila kamati itume majina ya walezi wake katika ofisi ya miradi kabla ya hojaji ya kwanza, kwa kuwa jina litakaloongezwa baada ya kura halitaingia katika hesabu, ingawa mwenye jina anakaribishwa kikundini.